Wiki 12 za Fa, Mi, Re, Do: Darasa la Solo za Jazi Nsambya

Kampala haina uhaba wa walimu wa gitaa. Ukiuliza katika kwaya yoyote, au ukimuuliza fundi wa kurekebisha vipaza sauti, utaelekezwa kwa mtu. Walio adimu ni wale wanaoweza kukufundisha kutunga solo papo hapo juu ya wimbo ambao akodi zake (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) hubadilika karibu kila kipimo (fungu dogo la mapigo), na walio adimu zaidi ni wanaoweza kufanya hivyo kwa Kiswahili. Darasa ninalolitathmini hapa nililihudhuria kila Jumamosi alasiri kwa wiki 12, katika chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya ujenzi huko Nsambya, chini ya mpiga gitaa wa makamo kutoka Bukavu ambaye sote, hata waliomzidi umri, tulimwita Fundi. Darasa halina kibao wala jina. Watu huelekezana kwa mdomo. Ada ilikuwa shilingi 480,000 kwa kipindi chote, zikilipwa kwa awamu mbili, nazo awamu hizo nitazirudia baadaye kwa sababu zilinitia hasira.

Katiba ya Uganda ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini bado si jambo la kila siku kumsikia mtu akifundisha nacho kitu cha ufundi jijini. Hapa sababu ilikuwa rahisi: nusu ya wanafunzi walikuwa Wakongo wa Katwe na Makindye, wawili walikuwa Wakenya walio kazini Kampala, mmoja alikuwa askari mstaafu aliyekijua Kiswahili kambini, na aliyebaki nyuma katika lugha, kijana wa Arua, alikuwa mbele yetu sote katika vidole. Mimi nimepiga gitaa kanisani kwa miaka 15, na nilikwenda nikiwa na kiburi kidogo.

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu maneno. Nitasema "akodi" kama Wakongo wanavyosema, ili msomaji asidhani kwamba nazungumzia kodi ya serikali. Na ninaposema jazi simaanishi jazi ya majina ya bendi zetu za zamani; OK Jazz ya Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1956, na Morogoro Jazz ya Tanzania zilikuwa bendi za dansi, na neno hilo katika majina yao lilikuwa pambo la enzi. Hapa namaanisha muziki wa Wamarekani Weusi, ambamo mpigaji huchukua wimbo unaojulikana, akaupiga kama ulivyo mara moja, kisha akauacha mwendo wa akodi uendelee kuzunguka huku yeye akitunga wimbo mwingine juu yake.

Wengi wetu tuliingia tukiwa watoto wa sebene, ile sehemu ya muziki wa dansi wa Kongo ambapo magitaa hutawala. Katika sebene mpiga solo hupewa akodi tatu au nne zinazozunguka bila kuhama ufunguo, hivyo kinachomtofautisha fundi na mwanagenzi ni mdundo, urudiaji wenye akili, na jinsi gitaa lake linavyoitikiana na gitaa la pili. Ni sanaa kubwa, wala sikubali mtu aidharau. Lakini mazoea yake yalinidanganya. Kwa miaka mingi niliamini kwamba ukiijua skeli ya wimbo, yaani mpangilio wa noti zake, umeujua wimbo, kwa hiyo kila nilipojaribu jazi nilikuwa nikizunguka ndani ya skeli moja huku akodi zikipita chini yangu, mfano wa mtu anayesimulia habari zake kwa sauti kubwa bila kusikia kwamba wenzake wameshabadilisha mazungumzo. Noti zangu hazikuwa na kosa la kuonyesha kwa kidole. Ila hazikuhusiana na chochote.

Wimbo aliotuchagulia Fundi, na tuliokaa nao kwa wiki zote 12, ni "Autumn Leaves" (majani ya vuli, msimu ambao miti ya Ulaya hupukutisha majani), uliotungwa na Joseph Kosma mwaka 1945 na kuimbwa kwanza kwa Kifaransa. Niliposikia kwamba hatutapiga wimbo mwingine nililalamika. Sasa naona kwamba huo ndio uamuzi bora kuliko yote aliyoyafanya. Wimbo una vipimo 32 tu vya mapigo manne manne, na vipimo vyake vinane vya kwanza vina akodi saba zinazopita ufunguo wa B flati meja na kutua nyumbani kwake pa huzuni, G maina: C maina ya saba, F ya saba, B flati meja, E flati meja, A maina yenye tano iliyoshushwa, D ya saba, kisha G maina. Anayeweza kusema jambo la maana juu ya akodi hizo saba ameshaonja sehemu kubwa ya kile kinachohitajika katika mamia ya nyimbo nyingine za aina hii, kwa sababu miendo hiyo hiyo hurudi humo ikiwa imevaa nguo tofauti.

Masomo mawili ya kwanza hatukuruhusiwa kufungua mifuko ya magitaa. Fikiria watu wazima 14 waliolipa pesa, wengine wamepanda bodaboda huku gitaa limewabana mgongoni, wanakaa kwenye viti vya plastiki na kuimba solfa (do, re, mi) kama watoto wa shule ya Jumapili. Askari mstaafu alinong'ona kwamba kwaya ni bure kanisani. Lakini ilikuwa ni katika somo la pili ndipo Fundi alipotuonyesha kitu ambacho, kwangu mimi, kililipa nusu ya ada.

Alituimbisha wimbo wenyewe kwa solfa, do ikiwa B flati. Noti tatu fupi na moja ndefu: la, ti, do, halafu fa. So, la, ti, halafu mi. Fa, so, la, halafu re. Mi, kisha fa na so zote mbili zikipandishwa nusu, halafu do. Akatuambia tuache noti fupi na kuimba zile ndefu peke yake. Chumba kizima kikaimba fa, mi, re, do. Akacheka. Wimbo ulioliza watu kwa miaka 80 ni ngazi ya kushuka ambayo kila mwanakwaya ameiimba kabla ya kuota meno ya ukubwani.

Kisha akapiga akodi chini ya ngazi hiyo ili tusikie kwa nini inaliza. Fa ni noti ya tatu ya akodi ya kwanza, ukihesabu kutoka noti inayoipa akodi jina. Inabaki palepale inapokuja akodi ya pili, lakini sasa imekuwa noti ya saba, na noti ya saba ya akodi ya aina hiyo haina raha, inataka kushuka. Inashuka kuwa mi, ambayo ni ya tatu ya akodi inayofuata. Nayo inabaki, inakuwa ya saba, inashuka kuwa re. Re nayo inabaki, inakuwa ya saba juu ya D, na inashuka kuwa do, ambayo ni ya tatu ya G maina, noti inayotuambia kwamba tumefika kwenye huzuni na si kwenye furaha. Ipo ngazi ya pili inayotembea sambamba na hii: do, ti, ti, la, la, so iliyopandishwa, kisha la. Ngazi moja inapotulia, nyingine inasogea. Noti ya kwanza na ya tano za kila akodi, ambazo ndizo tulizokuwa tukizishikilia kwa usalama, mpiga besi tayari anazo. Ya tatu na ya saba ndizo zinazomwambia msikilizaji akodi ipi inapita, hata kama besi na ngoma zimeondoka chumbani.

Nimesoma maelezo ya jambo hili mara nyingi kwenye intaneti, yakiwa yameandikwa kwa herufi na namba, wala halikuwahi kuniingia. Kwa solfa liliingia kwa dakika 20, kwa sababu solfa tayari ilikuwa mwilini mwangu. Kwa hili peke yake ningempa Fundi alama zote.

Kuanzia wiki ya tatu tulifungua magitaa, na sheria ilikuwa moja: usipige usichokiimba. Tulipewa ngazi ya kwanza na kuruhusiwa noti moja tu katika kila kipimo. Wiki iliyofuata tuliruhusiwa kuikaribia kila noti kutoka nusu hatua (noti jirani kabisa) chini yake. Baadaye kuizunguka, juu kwanza kisha chini, ndipo utue. Baadaye tena kuchelewa kufika, ili msikilizaji aingoje noti kidogo kabla ya kupewa. Hapo ndipo solo zetu zilipoanza kufanana na nyimbo. Mtu akikimbilia mazoea ya vidole, Fundi alisimamisha kila kitu na kusema kwa Kiswahili cha kwao, "Mukono inakimbia, sauti inabaki nyuma." Niliambiwa hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Wiki ya sita ilikuwa ya ajabu kuliko zote. Inasimuliwa kwamba Lester Young, mpiga saksafoni, alipenda kuyajua maneno ya wimbo kabla ya kuupigia solo. Fundi alitaka nasi tuwe na maneno, ila akaona kwamba majani ya vuli ya Ulaya hayamwambii kitu mtu anayeishi karibu na ikweta, ambako mti hudondosha majani unapotaka wenyewe. Hivyo kila mmoja atunge maneno yake ya Kiswahili juu ya wimbo uleule. Tulianza na maneno kama "kumbukumbu", yenye silabi nne kwa noti nne, na yote yakasikika yamepinda. Kijana wa Arua ndiye aliyegundua sababu. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali wimbo hukaza noti ya nne, ile ndefu. "Kumbukumbu" inakaza ya tatu, kwa hiyo neno na wimbo vinavutana. Akaimba "nakukumbuka", silabi tano, mkazo ukiangukia kwenye noti ndefu na silabi ya mwisho ikidondoka baada yake kama pumzi. Sote tukanyamaza.

Tangu siku hiyo naisikia tofauti katika vidole vyangu. Vishazi vyangu vya zamani, yaani misemo mifupi ya noti, vilikatika ghafla juu ya noti ya juu, kama mtu aliyeulizwa swali akaondoka. Sasa karibu kila kishazi kinapanda, kinakaza, kisha kina mkia mfupi unaoshuka, kwa sababu ndivyo sentensi ya Kiswahili inavyoanguka mwishoni. Sidai kwamba Wamarekani hupiga hivyo kwa sababu hiyo. Nasema tu kwamba nilipoacha kuazima vishazi vya rekodi na kuanza kuongea kwa lahaja yangu, mke wangu, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akifunga mlango nikianza mazoezi, aliuacha wazi.

Kazi za kusikiliza zilichaguliwa kwa busara, ingawa zilipitishwa haraka mno. Tulisikiliza Jim Hall, mpiga gitaa wa jazi wa Marekani aliyefariki mwaka 2013, ili tusikie jinsi anavyochukua kishazi cha noti tatu au nne na kukigeuza polepole mpaka kizae solo nzima, na jinsi anavyonyamaza bila woga. Tulisikiliza Wes Montgomery, Mmarekani mwingine, aliyepiga kwa kidole gumba badala ya piki. Inasimuliwa kwamba alianza hivyo ili asiwasumbue watu usiku, nami ninayeishi Kireka katika nyumba zinazogawana ukuta nimeuiga mtindo huo kwa shukrani, ingawa okteva zake (noti mbili za jina moja, ya chini na ya juu, zikipigwa pamoja) bado zinanishinda. Kwa upande wetu tulimsikiliza Docteur Nico, mpiga gitaa wa Kongo ambaye solo zake ni za kuimbika hata zinapoenda mbio, na Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili na kurekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952, ili tusikie gitaa na neno vikitoka kinywa kimoja. Wanne hao walistahili wiki nne. Tuliwapa wiki moja na nusu.

Mahali pagumu pa wimbo ni vipimo viwili karibu na mwisho, kipimo cha 27 na cha 28, ambapo akodi hubadilika mara mbili katika kila kipimo: G maina, C ya saba, F maina, B flati ya saba. Hapa wengi wetu tulikuwa tukimwaga noti kama mtu anayemwaga gunia la maharage ili apate moja lililo bovu. Dawa ya Fundi ilikuwa noti nne peke yake: F, E, E flati, D, moja kwa kila akodi, zikishuka nusu hatua kila mara. F ni ya saba ya akodi ya kwanza, E ni ya tatu ya ile ya pili, na zinaendelea kupokezana hivyo hivyo. Ukizipiga polepole, bila kitu kingine, unasikika kama mtu aliyekomaa. Somo hili lilifanyika wakati umeme umekatika, magitaa yakiwa makavu bila amplifaya, na nadhani ndiyo sababu lilisikika vizuri.

Sasa niseme yaliyoniudhi. Kwanza, mdundo haukufundishwa. Fundi mwenyewe ana swingi, ule mdundo wa jazi unaobembea, ya kuzaliwa nayo, na kama wengi waliojaliwa kitu hajui kwamba wengine hawana. Tulikuwa na metronomu ya simu iliyogonga kila pigo, moja hadi nne, ilhali kila aliyesikiliza jazi kwa makini anajua kwamba uzito wake hukaa kwenye pigo la pili na la nne. Nilipopendekeza tuiweke igonge hapo tu, darasa lilipotea kwa vipimo viwili na pendekezo likaachwa. Matokeo yake ni kwamba wengi wetu tulimaliza tukiwa na noti nzuri zinazotembea kama askari wa gwaride. Solo ya kuimbika isiyo na swingi ni wimbo wa kanisani, na huo tulikuja nao kutoka nyumbani.

Pili, tuliahidiwa wanafunzi wanane na tukawa 14, huku amplifaya zikiwa mbili. Kwa saa mbili za somo, mtu alipata zamu ya solo mara mbili au tatu, na muda uliobaki alipiga akodi kwa ajili ya wenzake, jambo ambalo lina faida yake, lakini si lile nililolilipia. Tatu, karatasi tulizogawiwa ziliandikwa kwa majina ya noti na alama za Kifaransa, zikiwa zimefifia kwa kunakiliwa mara nyingi, ilhali somo lenyewe lilikuwa kwa solfa yetu ya do inayohama. Wanaojua mfumo wa Kifaransa watakumbuka kwamba do yao haihami, ni C siku zote. Kwa wiki mbili nzima nusu ya darasa iliita fa kile ambacho nusu nyingine iliita mi bemoli, na mambo yalinyooka pale tu askari mstaafu alipochora jedwali ubaoni kwa subira ya mtu aliyewahi kusoma ramani.

Nne, tuliahidiwa kupiga na besi na ngoma za watu hai katika masomo matatu ya mwisho. Walikuja mara moja. Siku hiyo ilikuwa nzuri mno, na ndiyo inayonifanya nilalamike kwa sauti zaidi, kwa sababu programu ya simu inayokupigia akodi haikungoji, haikusikilizi, wala haishtuki unapofanya jambo jema. Mpiga besi aliyeshtuka nilipochelewesha ile mi kwa pigo zima, akatabasamu na kunifuata, alinifundisha katika vipimo vinane kitu ambacho wiki 11 hazikunifundisha.

Na tano, zile awamu. Nililipa ya pili kwa pesa taslimu katika wiki ya saba. Wiki ya tisa Fundi aliniambia mbele ya wenzangu kwamba bado nadaiwa shilingi 240,000. Hakukuwa na stakabadhi wala daftari. Kila kitu kilikuwa kichwani mwake, kichwa ambacho kina nafasi ya kila akodi iliyowahi kupigwa Bukavu lakini si ya majina na tarehe. Mkongo mmoja aliyekuwepo nilipolipa ndiye aliyeniokoa. Fundi aliomba radhi kwa unyenyekevu ulioyeyusha hasira yangu, ingawa si yote.

Nani aende? Asiyejua kubana akodi za kawaida asiende, atateseka. Anayetaka kasi asiende pia, kwa kuwa hapo kasi ni kosa. Aliyekulia kwaya, anayeweza kuimba sauti ya alto au ya tenori bila kuyumba, hata kama vidole vyake ni vizito, ndiye mtu wa darasa hili, na nimeona vidole vizito vikitoa solo iliyonyamazisha chumba kwa sababu mwenyewe aliiimba kabla ya kuigusa. Kwa bei, shilingi 40,000 kwa somo la saa mbili si kidogo, lakini si nyingi ukilinganisha na walimu binafsi wa mjini niliowahi kuwalipa, ambao wengi wao walinifundisha skeli nyingine mpya kila wiki. Ongeza nauli, na uje na kebo yako.

Kipindi kijacho kitashughulikia wimbo mwingine, na Fundi ameahidi kwamba metronomu itagonga pigo la pili na la nne. Nimeshalipa awamu zote mbili kwa pamoja, na stakabadhi niliiandika mwenyewe, yeye akatia sahihi.